Shavu Lililoshibisha Nchi

Nchi ninayotaka kuisimulia haiko karibu na kwenu. Nalisema hili mapema ili msije mkaanza kuangaliana. Mimi nimepita nchi nyingi kwa miguu, kazi yangu kusuka upya viti vilivyokatika kamba, na shule niliisoma vipande vipande: darasa la pili mji huu, la nne mji ule, la tatu sikulikuta popote. Kwa hiyo mtanisamehe nikichanganya tarehe. Mambo yenyewe sijayachanganya.

Katika nchi ile serikali iliwapenda watoto kupita kiasi. Hapakuzinduliwa kitu bila mtoto. Daraja lilipofunguliwa, mtoto alitangulia kulivuka, na wahandisi walifuata baada ya kuona limemhimili. Hospitali ya mkoa ilipokosa paa, mbele yake palisimamishwa bango la mtoto anayecheka, kubwa kiasi kwamba wagonjwa walijikinga mvua nyuma yake, na Waziri wa Afya alisema bungeni kwamba bango lile peke yake limehudumia wananchi mia tatu.

Zamani watoto hao walichukuliwa tu kutoka shule iliyo jirani, wakaoshwa nyuso, wakasimamishwa mstari. Mambo yaliharibika siku ya bomba. Mheshimiwa Rais alikwenda kufungua bomba la maji mahali fulani, na mtoto wa miaka saba aliwekwa pale na kikombe. Rais akafungua, akainama, akauliza huku nchi nzima inasikiliza kwenye redio na televisheni, "Maji matamu, mwanangu?"

Mtoto akachungulia kikombe. "Hayajatoka," akasema.

Baraza la mawaziri lilikaa siku tatu. Bomba halikujadiliwa, maana halikuwa na kosa, lilifanya kama mabomba mengine yote. Aliyejadiliwa ni mtoto. Siku ya nne ikatangazwa Wizara ya Nyuso na Mapokezi, na waziri wake mpya akahutubia uwanjani.

"Ndugu wananchi," alisema, "uso wa mtoto ni barabara kuu ya uchumi. Uso usio na mafunzo ni shimo katikati ya barabara hiyo. Je, tutakubali taifa zima litumbukie katika uso wa mtoto wa miaka saba?"

Watu wakajibu hapana. Lilikuwa limeulizwa kwa sauti ya swali linalojibiwa hapana.

Ikawa sheria: mtoto yeyote asionekane kwenye picha, tangazo, igizo wala mapokezi bila cheti cha uso. Cheti kinapatikana kwa kuhudhuria warsha. Warsha zinaendeshwa na mawakala wenye leseni, na mzazi ndiye analipa, kwa sababu, alivyoeleza waziri, serikali isingependa kumnyima mzazi furaha ya kumlipia mwanawe. Mawakala wakatapakaa wilayani kukagua vipaji. Katika wilaya niliyofikia walikaguliwa watoto elfu nne, na wote elfu nne walikutwa na kipaji cha nadra sana.

*

Mimi nilikuwa nimepanga chumba cha uani kwa mtu mmoja aitwaye Ngwali na mkewe Mwanaidi. Ngwali alikuwa dereva wa greda la serikali. Greda lilikuwa halijapata mafuta miaka miwili, lakini kila asubuhi alikwenda kukaa juu yake hadi saa tisa, kwa kuwa maelekezo yalisema greda lisiachwe bila dereva. Mwanaidi alikuwa akikaanga kalimati barazani. Nyumba yao wenyewe ilikuwa kiwanja cha pili, kuta zimekwisha, haina paa. Mabati yake thelathini yalikuwa yamelazwa chini ya kitanda chao, wakiyalalia kama watu wanaolalia ahadi.

Walikuwa na binti mmoja, Siwema, wa miaka minane. Mtoto huyu alikuwa na tabia ya kusema kilichopo. Shangazi yake alipowaandalia pilau na kuuliza imekuwaje, wote walisema nzuri, Siwema akasema, "Mama amesema njiani kwamba pilau yako siku zote ni mbichi, lakini hii imeiva." Shangazi hakujua achukie au afurahi. Mwanaidi alijua.

Siku moja nilikuwa nimekaa hapo barazani nasuka kigoda cha jirani. Akatokea kijana mwenye tai na faili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Za moto bado, subiri kidogo."

"Sikuja kwa kalimati, mama. Nimekuja kwa yule." Akamnyooshea Siwema kalamu. Siwema alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatoa kibanzi kwenye kidole cha mguu. "Unaona anavyokitoa? Umakini ule. Nimezunguka nchi nzima, sijaukuta."

"Jana ulisema hivyohivyo kwa mtoto wa jirani," Mwanaidi akasema, "naye alikuwa amelala."

"Alikuwa amelala kwa namna ya pekee, mama."

Akaacha karatasi. Juu palikuwa na jina, Wakala wa Nyuso Chipukizi, na chini bei ya warsha ngazi ya kwanza na ya pili. Katikati palikuwa na mstari ulioandikwa kwa wino mwekundu: siku ya kwanza ni ya majaribio, haina malipo, ili mtoto mwenyewe aamue kwa hiari yake. Sheria ilikuwa kali katika jambo hilo. Mtoto asilazimishwe.

Ngwali alirudi kutoka kwenye greda, akaisoma karatasi akiwa amesimama, kisha akaisoma tena amekaa.

"Hii bei ni mabati kumi na manane," akasema.

"Nimeshapiga hesabu. Kumi na tisa."

"Mke wangu, mimi nimekaa juu ya kitu kisichokwenda miaka miwili. Nikikiona kingine nakijua."

"Na mimi je? Unadhani nimerogwa na tai ya yule kijana?" Mwanaidi aligeuza kalimati kwenye karai. "Mwalimu mkuu ametangaza. Picha ya darasa mwaka huu, wasio na vyeti watapigwa wamesimama nyuma ya mti. Na nafasi za sekondari zitatazama picha. Mwanangu nimweke nyuma ya mti?"

"Mabati yakienda, mvua itaingia ndani."

"Ndani ya nyumba gani, Ngwali? Kwani tumo?"

Walibishana hivyo siku mbili, kwa heshima, kama watu wanaobeba mzigo mmoja na kila mmoja anaogopa kuuangusha kwenye mguu wa mwenzake. Siku ya tatu Ngwali akapata wazo, na naapa lilikuwa wazo la baba mwema.

"Tumpeleke siku ya majaribio, halafu tumuulize mwenyewe. Mtoto wetu hajui kuficha. Akisema pabaya, tumemaliza. Akisema pazuri, basi."

Mwanaidi akamtazama mumewe kama siku aliyoposwa. "Hapo umesema," akamwambia.

*

Basi bahati, au nini sijui, wiki ileile niliitwa kusuka viti pale pale kwenye Wakala. Viti vya wazazi vilikuwa vimekatika vingi. Mzazi akiambiwa mwanawe ana kipaji hukaa kwa furaha, akitajiwa bei hukaa mara ya pili kwa uzito zaidi, na kamba haziwezi.

Mkurugenzi alikuwa mama mmoja mrefu, mpole, jina lake Madamu Eufrasia. Miezi yote niliyokuwa pale sikumsikia akimfokea mtu. "Mzee wetu," aliniambia, "anza na hivi ishirini. Ukimaliza kuna sitini vya ukumbini. Na kuna kachumba nyuma, kama umechoka kutembea."

Nilikuwa nimechoka kutembea. Nawaambia hili sasa, si kwamba linasaidia.

Nikaketi pembeni ya ukumbi na kamba zangu, na siku ya majaribio ikaanza mbele ya macho yangu. Walikuwepo watoto kama thelathini. Nilitegemea watafundishwa kutembea jukwaani, au kushika maua, au kusema karibu Mheshimiwa. Hapana. Katikati ya jukwaa palikuwa na mlango, mlango mtupu na fremu yake, hauna nyumba. Nyuma ya mlango walikaa watu wawili walioajiriwa, mwanamke mwenye kanga na ungo, na mwanaume mwenye gazeti.

"Wanangu," Madamu akasema, "leo tunajifunza kitu kimoja tu. Tunajifunza kurudi nyumbani."

Mmoja mmoja wakapita mlangoni. Mtoto anaingia mbio, anasimama hatua mbili kutoka kwa mwanamke, anasema, "Mama, leo nimefurahi mpaka nimesahau kula. Naomba nirudi kesho." Mwanaume akishusha gazeti na kusema hatuna uwezo, mtoto anainamisha macho, anahesabu moyoni moja hadi tatu, halafu, "Sawa baba, naelewa." Hapo sauti ishuke, lakini isikatike. Mwanamke akiuliza, "Kuna mtu amekuudhi huko?" mtoto anacheka kidogo kwa pua, "Mama nawe." Na mtu yeyote akiuliza, "Mmefundishwa kusema hivyo?" ni kicheko kilekile, "Baba nawe."

Zamu ya Siwema ikafika. Akapita mlangoni, akamtazama yule mwanamke wa kuajiriwa. "Nimechoka," akasema. "Na jino linaniuma."

Madamu akapanda jukwaani, akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono. "Vizuri sana. Umeona jinsi lilivyotoka lenyewe? Hilo ni la kwako, hakuna atakayekunyang'anya. Sasa liweke ndani, ufunge, uingie tena."

Akaingia tena. Wakamrudisha mara thelathini na kitu. Kila akipita mlango ule alikuwa anakuwa mwepesi zaidi, na kufikia saa tisa hata mimi, nikiwa na kamba mdomoni, nilipomwona anaingia nilijikuta natabasamu.

*

Siwema alivyofika nyumbani nilikuwepo uani. Alikuja mbio, akasimama hatua mbili kutoka kwa mama yake. "Mama, leo nimefurahi mpaka nimesahau kula. Naomba nirudi kesho."

Ungo wa Mwanaidi ukatua chini. Ngwali akaacha kufungua kiatu.

"Kuna mtu amekuudhi huko?" mama akauliza.

"Mama nawe."

"Tatizo uwezo, mwanangu," Ngwali akasema, akimpima.

Siwema akainamisha macho. Nilihesabu naye. Moja, mbili, tatu. "Sawa baba, naelewa."

Ngwali akageuka kutazama ukuta. Aliporudi kugeuka macho yake yalikuwa mekundu, akaniona mimi na kigoda changu. "Babu," akaniambia, "wewe si ulikuwa huko leo, unasuka viti? Pakoje?"

Siwema naye akanitazama.

Nikafikiri viti sitini. Nikafikiri kachumba. "Pana usafi," nikasema.

Ni kweli palikuwa na usafi. Sijawahi kuona jukwaa lililofagiliwa vile.

Mabati kumi na tisa yaliondoka kesho yake juu ya mkokoteni, na wale wazazi wawili wakalala usingizi wa watu waliomsikiliza mtoto wao.

*

Warsha ikaendelea. Wizara ilikuwa imepanga tabasamu kwa madaraja, moja hadi kumi. La kwanza ni la kumpokea diwani. La nne la kuonja dawa ya meno. La saba la kuwepo mbele ya jengo lisilokwisha. La kumi lilihifadhiwa kwa Rais, na mtoto aliyekamatwa akilitumia kwa baba yake mzazi alionywa kwa barua. Kila mwezi alikuja Mkaguzi wa Nyuso, Bwana Tegemea, mtu mwembamba mwenye rula ya shaba, akawapima watoto kona ya mdomo hadi kona na kuandika.

Siwema alishika haraka. Jino lile lilikuwa limemfundisha kutulia, nadhani, maana mtu mwenye maumivu husikiliza sana. Lakini jino halikuwa darasani, lilikuwa na shughuli zake. Mwezi wa pili shavu lake la kushoto likaanza kujaa.

Siku moja akaja mgeni kutoka Wizara ya Chakula. Mavuno yalikuwa yamekosekana mwaka wa pili, kwa hiyo walikuwa wanatafuta mtoto wa bango la kusherehekea mavuno. Walikuwa wamezunguka wilaya tano bila kupata, maana watoto wa wilaya hizo, ingawa walikuwa na vyeti, mashavu hawakuwa nayo. Mgeni alipomwona Siwema akasimama.

"Hili shavu limetoka wapi?"

"Ni la kwake," Madamu akasema.

"Limejaa vizuri. Na la pili?"

"La pili halijafika."

"Tutapiga upande huu."

Bwana Tegemea akaweka rula, akatangaza kwamba katika miaka yake ya utumishi hajapata kukuta lishe iliyokaa sehemu moja kwa nidhamu namna ile. Siwema akapewa tabasamu la saba. Wapiga picha wakafanya kazi tangu asubuhi hadi adhuhuri, na ndani ya wiki shavu lile lilikuwa kila njia panda, lenye ukubwa wa lori, na maneno chini yake: NCHI IMESHIBA.

Ngwali alikuwa akiliona akiwa juu ya greda. Aliniambia alikaa siku nzima akilitazama, na kwa mara ya kwanza tangu mafuta yaishe alijiona ana kazi.

*

Aliyeanza kushtuka ni Mwanaidi. Mtoto alikuwa akitafuna upande mmoja. Halafu akaacha nyama, halafu akaacha ugali, akawa anakunywa uji uliopoa. Asubuhi moja mama alimwekea mkono shingoni, akautoa kama aliyegusa karai.

"Siwema. Unaumwa?"

Mtoto akatabasamu. Lilikuwa zuri, kona hadi kona. "Hapana, mama. Nimefurahi."

"Jino linakuuma?"

"Mama nawe."

"Mwanangu, mimi ni mama yako. Niambie."

Na Siwema, macho yanamng'aa kwa homa, akazidisha tabasamu kwa daraja moja.

Walimbeba hadi zahanati, nami nikafuata nimemshikia kandambili zake. Karani wa mapokezi alimtazama mtoto, akageuka kutazama ukuta wa nyuma yake, ambako bango lilikuwa limebandikwa, akarudi kumtazama mtoto.

"Huyu ndiye aliyeshiba," akasema.

"Ana homa," Ngwali akasema.

"Mzee, nielewe. Nikimwandika huyu mgonjwa, nimeiandika nchi. Mimi nina watoto."

"Sisi pia tuna mmoja," Mwanaidi akamwambia, akapita.

Tabibu wa meno alikuwa mtu mzima, mwema, kachoka. Akamfungua mdomo, akatazama, akavuta hewa kwa meno. "Kuna usaha humu. Ni gego, la mwisho au la kabla yake, pamevimba pote siwezi kuona. Mashine ya picha ilikwenda kuzindua hospitali nyingine, haijarudi. Itabidi nigonge, aniambie." Akagonga la kwanza na kile kichuma chake. "Hapa?"

Siwema akatabasamu.

"Hapa?"

Akatabasamu.

"Na hapa?" Akagonga kwa nguvu, nikaona vidole vya miguu vya mtoto vinajikunja, na uso juu haukutikisika.

Tabibu akaweka kichuma chini. "Nikikosea nitang'oa zima na kuliacha bovu, na usaha utapanda. Ukipanda hapa," akagusa chini ya jicho la Siwema, "sina la kufanya, wala aliye mkoani hana. Nileteeni maumivu yake nijue yako wapi. Kesho, kesho kutwa. Msipitishe hapo."

*

Kutoka hapo walikwenda moja kwa moja kwa Madamu Eufrasia. Aliwakaribisha kwenye viti, viti vyangu, akawasikiliza hadi mwisho bila kuwakatiza.

"Nawaelewa sana," akasema. "Mnachotaka ni kilio. Kilio tunacho. Kiko Warsha ya Maumivu, ngazi ya tano. Siwema yuko ya pili. Ila kwa kuwa ni uso wa taifa naweza kumrukisha."

"Sisi hatutaki afundishwe kulia," Ngwali akasema. "Tunataka alie."

"Baba Siwema, mtoto aliyekwisha kufundishwa kucheka hawezi kulia hivihivi kama mtoto wa mtaani. Atajeruhi uso. Wiki tatu, kwa utaratibu, na analia popote mnapotaka, jicho mnalotaka."

"Tabibu amesema kesho kutwa."

"Kuna ya haraka. Siku moja." Akawasogezea karatasi. "Hii inahitaji malipo kamili kabla."

Yalibaki mabati kumi na moja. Walitoka nje wakasimama chini ya ukuta wa Wakala, na wakaanza tena kupima, kama mwanzo, ila sasa sauti zao zilikuwa ndogo.

"Tulipe," Ngwali akasema. "Nyumba basi. Tulipe."

"Tukilipa atalia vizuri," Mwanaidi akasema taratibu. "Nitajuaje ni jino gani? Kilio chake kitakuwa cha kwao. Ngwali, siku ile tulimuuliza. Akatujibu. Nani alimpa lile jibu?"

Mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwao, nakunja kamba.

"Kila ninachomuuliza kina jibu," Mwanaidi akaendelea. "Nikimtazama tu, anaanza. Hata kabla sijafungua mdomo."

Kisha akambeba mtoto mgongoni, mtoto wa miaka minane, miguu inaning'inia, akaondoka bila kuaga mtu.

*

Alichofanya Mwanaidi nilikiona, maana nilikuwa uani, na safari hii sitasema pana usafi.

Alitandika mkeka kwenye kivuli cha ukuta. Akamkalisha Siwema ameelekea ukutani, naye akakaa kuelekea mlangoni, migongo yao ikiegemeana. Akachukua ungo wa mchele, akaanza kuchambua. Ngwali alipokuja akamwashiria kwa kidevu, naye akageuza kigoda akakaa kuutazama mnazi wa jirani. Mimi nikageuka na kiti changu. Hakuna aliyeuliza neno. Watu wazima watatu, kila mmoja na ukuta wake, mchana kweupe. Jirani mmoja alichungulia uani, akadhani tumegombana, akaenda kuwaita wengine.

Mwanaidi alimaliza ungo wa kwanza. Akaurudia mchele uleule, akauchambua upya. Jua likahama hadi kwenye miguu yetu.

Nikasikia sauti ambayo mwanzo nilidhani ni paka. Ndogo, ya kooni, inakwenda na kurudi. Kigoda cha Ngwali kikalia, na Mwanaidi, bila kugeuka, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kaa hapo hapo, baba. Usigeuke."

Sauti ikaongezeka. Haikuwa nzuri. Ilikuwa na kamasi ndani yake, na kukwama, na kukohoa, na Bwana Tegemea asingeipa hata daraja la nusu. Mgongo wa mtoto ulikuwa ukigonga mgongo wa mama yake.

"Mama."

"Naam." Mkono unachambua mchele.

"Ni huku."

Mwanaidi akanyoosha mkono nyuma bila kutazama. Siwema akaushika, akachagua kidole kimoja, akakiingiza mdomoni mwake hadi mwisho, akakiweka. Hapo ndipo alipopiga ukelele. Mwanaidi alikaa vilevile, ameinua kichwa, machozi yanamwangukia kwenye mchele, kidole hakitoki.

Waliingia zahanati hivyo hivyo, mama akitembea kinyumenyume, kidole chake kikiwa juu ya gego la mwisho. Tabibu hakuuliza. Alitugeuza sote ukutani, pamoja na karani, na mwenyewe, nasikia, alifanya kazi amefumba macho.

*

Siku ya nne baada ya jino kung'olewa shavu likaisha, na siku ya tano akaja Bwana Tegemea na rula.

"Liko wapi?" akauliza.

"Nini?" Ngwali akasema.

"Shavu la taifa. Mabango elfu mbili yako barabarani, na wageni wa nje wanakuja mwezi ujao kumwona mtoto. Hili hapa ni shavu la kawaida. Hili ni shavu la njaa."

Akatoa mfukoni pamba iliyoviringwa, safi, yenye muhuri wa Wizara, na maelekezo ya kuitumia. Iwekwe kwenye pengo, upande wa kushoto, nyakati za kazi. Wazazi wakikataa, cheti kinafutwa, na mtoto hataruhusiwa kuonyesha tabasamu la daraja lolote mahali pa wazi maisha yake yote.

Mwanaidi akaichukua ile pamba, akaitazama, akamrudishia. "Futa," akasema.

"Mama, unaelewa maana yake? Atakuwa mtoto wa nyuma ya mti."

"Nyuma ya mti hakuna anayetazama," Mwanaidi akasema. "Futa."

Akafuta. Mabango hayakuondolewa, kwa kuwa bajeti ilikuwa ya kuyaweka tu. Kwa mabati kumi na moja, nyumba iliezekwa chumba kimoja. Na mimi niliona siku zile jambo ambalo sijaliona nchi nyingine: wale watu walikuwa wakila wamepeana migongo. Siwema alikuwa haugui tena, lakini ukimtazama na kumuuliza hujambo, uso wake ulikuwa bado unakwenda wenyewe, na hakuna aliyejua utaacha lini. Wakitaka kumsikia, waligeuka.

Sikumalizia vile viti vya ukumbini. Vilibaki saba. Niliondoka asubuhi ya Jumatano, nikaaga wazazi, wakanipa kalimati za njiani zimefungwa kwenye gazeti. Nilikuwa nimeinama pale nje nafunga mzigo, uso kuelekea barabara, niliposikia mtu amekuja kusimama nyuma yangu. Nikajua ni nani kwa namna alivyosimama. Sikugeuka.

"Babu."

"Naam, Siwema."

"Siku ile baba alipokuuliza, ulisema pana usafi."

"Nilisema."

Nikamsikia anavuta pumzi kupitia lile pengo.

"Mimi nilikuwa nangoja wewe ndiye useme," akasema. "Kwa sababu wewe hawakukufundisha."

Niliendelea kuinama pale, nikiifunga kamba iliyokwisha kufungika, mpaka niliposikia hatua zake zinarudi ndani.